L20B ya barabarani au L20B ya mbio? Tupige hesabu ya nguvu kabla hujanunua hata gasketi

Wadau wa magari ya zamani, swali linakuja kila mara kwa sura tofauti ila ni lile lile: injini nimeshaifungua, iko mezani, nataka kuisuka upya, niweke kemu gani (ile shafti inayofungua valvu), kabureta gani, na nitapata hp (nguvu za farasi) ngapi? Mi nitatumia injini moja ili tusiongee hewani, Datsun L20B, ile ya silinda nne yenye cheni, bloku ya chuma na hedi ya alumini, kwa sababu wengi wanaifahamu na vipuri vyake vinaingiliana sana na ndugu zake L16 na L18. Kama yako ni Ford Kent au ya MGB au Toyota ya zamani ya valvu mbili kwa silinda, hesabu ni zile zile, we badilisha namba tu.

Kitu cha kwanza kuamua sio kipuri. Ni raundi. Yaani injini yako itaishi wapi, kati ya rpm (mizunguko kwa dakika) ngapi na ngapi, muda mwingi wa maisha yake. Ukishajua hapo kila kipuri unakiuliza swali moja tu, we unafanya kazi vizuri raundi ngapi, kikijibu tofauti na wenzake unakiacha dukani hata kama kinang'aa. Injini nyingi zilizosukwa kwa hela nyingi na bado haziendi shida yake ndo hii, kila kipuri ni kizuri kivyake ila havielewani, ni kama mtu kavaa buti mguu mmoja na ndala mguu mwingine halafu anataka kukimbia.

Hesabu ya nguvu, ya kalamu na karatasi

Nguvu ni torki (nguvu ya kusokota) mara raundi, basi. Ukiwa na torki kwa Nm, zidisha kwa rpm, gawanya kwa 9549 unapata kW, zidisha kwa 1.341 unapata hp. Sasa torki unaitoa wapi kabla injini haijawaka? Hapo ndo kuna njia ambayo watu wengi hawaitumii wakati ni rahisi kuliko zote: chukua ukubwa wa injini kwa lita, zidisha kwa wastani wa presha inayosukuma pistoni kwa bar, zidisha kwa 8. Hiyo 8 ni 7.96 kwa usahihi ila kwa makadirio inatosha.

Presha yenyewe ina mipaka inayojulikana kwa injini za valvu mbili zinazovuta hewa zenyewe bila tabo. Injini ya zamani iliyobanwa na vifaa vya kupunguza moshi inaweza kuwa kwenye 8 hivi pale kwenye kilele cha nguvu. Ikisukwa vizuri kwa matumizi ya barabara inafika 10 kwenye kilele cha torki na inashuka mpaka 9 kwenye kilele cha nguvu. Ya mbio iliyofanyiwa kazi kweli kweli kwenye hedi inacheza 11.5 mpaka 12 kwenye torki. Kupita hapo unahitaji ushahidi.

Tujaribu. L20B ina kipenyo cha silinda 85 mm na stroki 86 mm, jumla cc 1952. Ya barabarani kwa 10 bar inatoa kama Nm 155. Kwenye raundi 5,600 ikiwa na 9 bar torki ni Nm 140, na hiyo ni kW 82, yaani hp 110. Ya mbio kwenye raundi 6,800 ikiweza kushika 10.3 bar ni Nm 160, ambayo ni kW 114, hp 153. Hizo hp ni za kwenye krenki sio kwenye tairi.

Hesabu hii uzuri wake mwingine inakusaidia kumjua muongo. Mtu akikwambia L20B yake ina kabureta mbili za 40 na inatoa hp 200 kwenye raundi 6,000, rudi nyuma: hp 200 ni kW 149, torki inatakiwa iwe Nm 237, na hiyo ni presha ya 15 bar na ushee. Haipo. Labda ana tabo kaificha mahali au raundi alizotaja sio hizo, au daino (mashine ya kupimia nguvu) iliyompimia ilikuwa na huruma.

Na kabla hatujaendelea, namba za kiwandani za zamani zisikuchanganye. L16 ya kwenye Datsun 510 Marekani iliandikwa hp 96, L20B ya miaka ya baadaye Marekani ikaandikwa hp 97, mtu anasoma anasema sasa cc 350 zaidi zimeongeza hp moja tu? Hapana bana. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wanatangaza nguvu ghafi, injini iko kwenye stendi haina feni wala kichujio cha hewa wala ekzosi ya gari, kuanzia 1972 watengenezaji wakahamia nguvu halisi ikiwa na vitu vyake vyote. Kwahiyo 96 ile na 97 hii hazikupimwa kwa mizani moja. Ukitumia namba ya zamani kama msingi halafu unaongeza asilimia za kemu na asilimia za ekzosi juu yake umeshapotea kabla hujaanza.

Hii asilimia kujumlishana nayo ni ugonjwa. Kemu inaleta 15, ekzosi inaleta 10, kabureta 15, jumla 40, hongera. Haiko hivo, kipuri kimoja kinafungulia njia kingine, na hewa inapita pale penye upenyo mdogo kuliko kote. Ukipanua pengine pote na ukaacha hapo, hapo ndo hp yako itaishia.

Injini mbili ubavu kwa ubavu

Zote L20B, bloku lile lile, haya ni makadirio yangu kwa hesabu ile ya juu:

| | Ya barabarani | Ya mbio |
|---|---|---|
| Kompresheni | 9 kwa 1 | 10.4 kwa 1 |
| Valvu ya kuingiza inafunga | digrii 50 baada ya pistoni kufika chini | digrii 70 |
| Kabureta | Weber 32/36 moja au SU mbili | Weber DCOE mbili za 45 |
| Torki kwenye raundi 2,500 | Nm 145 | Nm 117 |
| Kilele cha torki | Nm 155 | Nm 180 |
| Kilele cha nguvu | hp 110 kwenye 5,600 | hp 153 kwenye 6,800 |

Mstari wa raundi 2,500 ndo watu wanaruka. Pale ya barabarani ina hp kama 51 na ya mbio ina 41. Yaani ile injini ya gharama, ile yenye sauti, kwenye mwendo wa kawaida wa mjini inapitwa na ile ya kabureta moja. Ukiwa kwenye foleni au unapandisha mlima na familia nyuma hiyo 153 hauioni popote.

Kemu na kompresheni ni ndoa

Hapa nitakaa kidogo maana ndo pana hela na ndo watu wanapoumia.

Kompresheni tunayoitaja, 9 au 10, ni hesabu ya pistoni kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. Lakini injini haibani chochote mpaka valvu ya kuingiza hewa ifunge, na hiyo inafunga pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Kemu kali inachelewa zaidi kuifunga ili kwenye raundi kubwa hewa ambayo tayari ina mwendo iendelee kujisukuma ndani. Kwenye raundi ndogo hewa haina mwendo huo, inarudishwa nyuma kwenye manifoldi, na ndo unaona gari inatema, inakohoa, sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) haitulii.

Tuweke namba. Silinda moja ya L20B ina cc 488. Konrodi yake ni mm 145.9. Kemu laini inafunga valvu digrii 50 baada ya pistoni kufika chini, ukipiga hesabu ya pembe unakuta pistoni imebakiza mm 74.4 kati ya 86, kwahiyo inabana asilimia 86 na nusu ya hewa. Kwa kompresheni ya 9 nafasi ya juu inayobaki ni cc 61, na kompresheni ya kweli kwa raundi ndogo inakuwa kama 7.9. Sasa chukua kemu kali inayofunga digrii 70, weka kwenye injini ile ile ya 9 bila kugusa kingine. Pistoni imebakiza mm 63.4, kompresheni ya kweli imeanguka mpaka 6.9. Umelipia kemu umeishusha injini iwe kama ya pampu ya maji. Ukitaka kuirudisha pale ilipokuwa, 7.9, unatakiwa upunguze nafasi ya juu kutoka cc 61 mpaka cc 52, na hiyo kwa lugha ya dukani ni kompresheni 10.4.

Si unaona? Kemu ya digrii 50 inataka 9, ya digrii 70 inataka 10.4. Ukichanganya upande mmoja gari inakufa chini. Upande wa pili, kemu laini na kompresheni ya 10.4, injini itagonga (petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda) kwa petroli ya kawaida na ukiipuuza inakula pistoni.

Na hiyo cc 52 usiamini karatasi, pima. Hedi igeuze chini juu, valvu na plagi ziwe zimefungwa, paka grisi kidogo ukingoni mwa chemba, bandika kipande cha plastiki ngumu inayoona chenye tundu dogo, halafu jaza mafuta mepesi kwa sindano ya hospitali mpaka kiputo cha mwisho kitoke, soma umeingiza cc ngapi. Fanya chemba zote nne. Zikitofautiana kwa zaidi ya cc moja mwambie fundi wa mashine azisawazishe. Alafu gasketi nayo ina ujazo wake, ya unene wa mm 1.2 yenye tundu la mm 87 ni cc 7. Alafu pistoni ikisimama juu kabisa imeishia wapi, sawa na bloku au chini yake? Nusu mm tu chini ni cc 2.8, na kwa injini yetu hizo cc 2.8 zinakutoa 10.4 mpaka 9.9. Ndo maana mtu anakwambia ana 10 na nusu na hajawahi kuwa nayo hata siku moja.

Pistoni zenyewe, zile bapa na zile zenye shimo katikati, tofauti yake ndo hii hii ya cc. Shimo la cc 10 kwenye hesabu ya juu linakutoa 10.4 mpaka chini ya 9 kidogo. Kwahiyo kuchagua pistoni ni kuchagua kemu, usizinunue wiki tofauti kwa maduka tofauti. Na kama unaweza kupata kompresheni kwa kusogeza pistoni karibu na hedi badala ya kukwangua hedi, chagua hivo, maana kwenye hizi injini za cheni ukikwangua hedi kemu inashuka, cheni inalegea na taiming ya kemu inachelewa, itabidi uiongoze kwa matundu mengine ya gia ya kemu.

Kuhusu digrii za kemu zenyewe: ile namba kubwa kwenye tangazo, 270, 280, 290, kila mtengenezaji anaanza kuhesabu pale anapopenda, mwingine valvu ikiwa imeinuka robo mm, mwingine zaidi. 280 ya huyu inaweza kuwa ndogo kuliko 272 ya yule. Omba namba iliyopimwa kwenye mm 1.27 ya kuinuka, hiyo ndo inalinganishika, na omba valvu ya kuingiza inafunga digrii ngapi. Akishindwa kukupa hizo mbili mimi nisingenunua.

Kwenye injini za L kuna jambo lingine dogo ambalo linaua kemu mpya kabisa. Kemu iliyosagwa upya imepunguzwa mgongo ili pua ionekane ndefu, kwahiyo roka (mkono unaosukuma valvu) inabadilisha mkao na inaanza kusuguliwa upande. Dawa yake ni vile vipedi vya duara vinavyokaa kati ya roka na ncha ya valvu, vipo vya unene tofauti. Paka uso wa roka wino wa maka, funga, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili, fungua uangalie alama iliyofutika. Ikiwa katikati ya uso wa roka uko salama, ikiwa imekimbilia ukingoni badilisha unene wa kipedi mpaka irudi. Ni kazi ya nusu siku inachosha sana lakini kemu iliyokimbilia ukingoni inajisaga na chuma yake inaenda kwenye oili.

Kabureta: tatu zinazogombaniwa

Weber 32/36 ina makoo mawili, dogo linafunguka kwanza, kubwa linafuata ukikanyaga. Kwa injini ya hp 110 haina deni na mtu, inawaka asubuhi, mafuta inatumia kiungwana, na ukiharibu seti ya jeti moja unajua umeharibu wapi. Ukomo wake ni kwamba silinda nne zinagawana tundu moja la manifoldi, za pembeni na za katikati hazipati mchanganyiko sawa, na juu ya raundi 6,000 inaanza kubana.

SU mbili ndo chaguo langu kwa mtu wa barabarani mwenye subira. Koo lake linajipanua lenyewe kwa pistoni yake ndogo inayopanda na kushuka kufuatana na hewa, kwahiyo hewa inabaki na mwendo hata raundi ndogo na bado haikubani juu. Hakuna rundo la jeti, kuna sindano moja kila kabureta. Watu wanazisema vibaya kwa kuwa wamekutana na zilizochakaa, mhimili wa kipepeo umelegea unavuta hewa ya pembeni, hapo hata ukiweka sindano ya dhahabu haitatulia. Funga bushi mpya kwanza ndo uanze kuzilaumu.

DCOE mbili, koo moja kwa kila silinda, ndo zenye picha nzuri na sauti ile. Watu wanabishana 40 au 45 wakati ile namba ni kipenyo cha kipepeo kwa mm, kinachoamua ni koo la ndani linalobadilishwa. Kwa lita 2 ya barabarani yenye moto kidogo, 40 yenye koo la 32 au 33 inatosha. Kwa ile ya raundi 6,800 utataka 36, na hapo ndo 45 inaeleweka. Koo kubwa kuliko mahitaji linafanya hewa itembee pole, petroli haichanganyiki, unakanyaga gari inasita halafu inaruka. Ukinunua DCOE tenga bajeti nyingine ya jeti, mirija ya kuchanganyia na muda wa daino, vinginevyo una mapambo ya bei mbaya.

Na kwa L kumbuka kabureta na ekzosi viko upande mmoja wa hedi. Joto lote la ekzosi linapanda kwenye kabureta. Bamba la kuzuia joto sio hiari, hasa ukitoa manifoldi ya chuma nzito ukaweka mabomba.

Ekzosi, moto, na vitu vya chini

Ekzosi sina maneno mengi. Manifoldi ya kiwandani inatosha kwa hp 110, faida ya mabomba marefu hapo ni ndogo na makelele ni mengi. Kwa injini ya pili, ile ya mbio, mabomba ni lazima, na kama gari bado inapita barabarani chagua yale yanayoungana mbili mbili kisha moja, yanatanua torki ya katikati kuliko yale yanayokutana manne kwa mpigo.

Distributa: ya barabarani ibaki na kile kidude cha utupu kinachosogeza moto (cheche ya plagi) mbele ukiwa unatembea bila kukanyaga sana, kinakupa mafuta na ubaridi. Ya mbio haikihitaji. Kemu kali inataka moto uanze mbele zaidi ikiwa sailensi, ila jumla ukiwa raundi za juu ibaki kati ya digrii 32 na 36 hivi kabla pistoni haijafika juu, kwahiyo uzito na springi za ndani lazima zibadilishwe ili zisiongeze tena nyingi. Watu wanafunga kemu na kusahau hili halafu injini inagonga wanalaumu petroli.

Halafu vitu ambavyo havionekani ukifungua boneti. Nguvu inayovuta konrodi inapanda kwa mraba wa raundi, kutoka 6,000 kwenda 7,500 umeongeza robo tu ya raundi lakini mvuto umepanda asilimia 56. Na kwa stroki ya mm 86, raundi 7,000 ni mwendo wa pistoni wa wastani wa mita 20 kwa sekunde, ambao kwa vyuma vya kiwandani vya umri huu ndo ukutani. Kwahiyo ukichagua kemu ya 6,800 umechagua pia bolti mpya za konrodi za daraja la juu, krenki isawazishwe na fleiwili yake na klachi, springi za valvu zinazoendana na hiyo kemu. Pima pia nafasi kati ya valvu na pistoni kwa udongo laini, ubaki na kama mm 2 kwa ya kuingiza na mm 2.5 kwa ya ekzosi. Hivi vyote havikupi hata hp moja. Ndo maana bei ya injini ya mbio inamshangaza mtu, nusu ya hela inaenda kwenye kuzuia isipasuke.

Labda usipanue, badilisha bloku

Kupanua silinda kunasifiwa kupita uwezo wake. L20B ikitoka 85 kwenda 86 mm, ambapo pistoni za L28 zinatumika sana, inakuwa cc 1998. Ni asilimia 2.4 tu. Ukienda 87 ni cc 2045, na ukuta wa silinda unazidi kuwa mwembamba. Panua kwa sababu silinda imechakaa.

Ukiwa bado hujachagua bloku, hapo kuna tofauti ya kweli. L16 ni 83 kwa 73.7 mm, cc 1595, inapenda raundi, mwendo wa pistoni wa mita 20 inaufikia kwenye 8,100 hivi. L18 ni 85 kwa 78, cc 1770, na kwa maoni yangu ndo tamu kwa mtu wa kupenda kuzungusha, fupi kama L16 ila na mwili zaidi. L20B ina torki kuwapita wote lakini bloku lake ni refu kwenda juu, kwenye gari iliyozaliwa na L16 uangalie nafasi ya boneti na ekzosi kwanza. Kwa gari ya kila siku mi nachukua L20B bila kufikiria mara mbili.

Sasa nani achukue ipi

Angalia difu yako. Kwa tairi ya 185/70 ya inchi 13 na gia ya nne ya moja kwa moja, kwenye km 100 kwa saa difu ya 3.7 inakuweka raundi 3,300, difu ya 4.375 inakuweka 3,900. Kemu ya injini ya pili inaanza kuamka 3,500. Yaani ukiwa na difu ya 3.7 safari nzima unatembea chini kidogo ya pale inapoamka, ukitaka kupita lori unashusha gia kila mara. Na ukiweka 4.375 inaamka ila masikio yako na tenki la mafuta vitajua. Kwa mtu anayesafiri na gari yake, ile ya hp 110 yenye SU mbili inafika mapema na bila kuchoka. Ile ya 153 mpe mtu mwenye kiwanja cha kukimbizia, giaboksi yenye gia zilizokaribiana, na fundi wa kabureta anayepokea simu.

Ipo ya katikati, usinielewe vibaya. Kemu inayofunga digrii 60 hivi, kompresheni 9.6, DCOE 40 zenye koo la 32, mabomba mazuri, hp 125 mpaka 130 kwenye raundi kama 6,200. Wengi wanaosema wanataka ya mbio hii ndo wanayoitaka.

Ukimaliza kusuka hakikisha kwa njia zaidi ya moja. Kama hedi ilipimwa kwenye benchi la hewa kwa presha ya inchi 28 za maji, zidisha cfm (futi za ujazo za hewa kwa dakika) ya tundu moja kwa 0.257 kisha kwa silinda nne: cfm 150 ni hp 154, ila hiyo ni dari ya injini iliyokamilika kila kitu, sio ahadi. Kwa barabara iliyofungwa, chukua kasi ya mwisho wa robo maili (maili kwa saa), gawanya kwa 234, jibu lako lizidishe jibu mara jibu mara jibu, halafu zidisha kwa uzito wa gari na dereva kwa pauni. Gari ya kilo 1,050 ikimaliza na km 137 kwa saa ina hp kama 111. Kasi ya mwisho inadanganya kidogo kuliko muda, kwa sababu muda unategemea tairi na mguu wa dereva.

Kwenye daino ya tairi tegemea namba pungufu kwa kama asilimia 15 ya ile ya krenki kwa gari ya kusukuma nyuma, 110 itasoma 93 hivi. Usimruhusu jamaa wa daino akurudishie asilimia anazojisikia. Omba karatasi yenye mstari wa torki kuanzia raundi 2,000, mchanganyiko wa hewa na petroli chini yake, na aandike ametumia sahihisho gani la hali ya hewa. Mstari wa torki ukiwa na shimo, linganisha na mstari wa mchanganyiko kwenye raundi zile zile: ukiona petroli imekuwa nyembamba au nzito hapo ni jeti, ukiona mchanganyiko umenyooka ila torki imezama, rudi kwenye kemu na urefu wa mabomba.